Nepi Zilizoanikwa Uvunguni

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na kichwa changu si cha kushika mambo. Walimu wangu wa sekondari wangekula yamini kwa hilo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa tu nyumbani Maramba, kazi yangu kubwa kuhamahama na kivuli cha nyumba. Safari sizipendi tangu zamani. Lakini mama alinituma Moa nikamwone dada yangu Mwanaasha na mwanawe Mbwana, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa.

Nilifika mchana. Mama mkwe wa dada, Bi Riziki, alikuwa uani anapepeta mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama juu mpaka chini.

"Huyu ndiye yule wa maneno mengi? Mbona mwembamba hivi, maneno anayaweka wapi?"

Nikacheka, nikaingia chumbani kwa dada. Dirisha lilikuwa limefungwa, chumba kinanuka sabuni na unyevu. Nilipoinama kusukuma mfuko wangu uvunguni, mkono ukagusa nguo mbichi. Nepi, zimetandazwa juu ya mkeka chini ya kitanda, na huku nje jua la kukausha mbata.

"Dada, kamba imekatika?"

"Nyamaza! Nikizianika nje watazihesabu."

Mtoto alikuwa anaharisha maji matupu tangu juzi. Akanieleza kwa kunong'ona. Mumewe, mfanyakazi wa shamba la mkonge, alikuwa amekuja kupumzika nyumbani, kisha akarudi kazini. Na maneno ya kwetu unayajua: mtoto anayenyonya akiharisha na kukonda, basi wazazi wamekutana kabla ya wakati, maziwa yameharibika, wamembemenda mtoto. Mwanaasha aliyaamini hayo kuliko mimi nilivyowahi kuamini jografia. Kwa hiyo alimnyima mwanawe ziwa, asimwongezee sumu. Maji nayo alimnyima, akidhani yanayoingia ndiyo yanayotoka. Bi Riziki akiuliza, huambiwa mtoto amelala.

Na kweli alikuwa amelala. Macho yamezama, midomo imekauka, utosi umebonyea kama alama ya kidole kwenye unga. Nilimtikisa akalia, lakini machozi hayakutoka.

"Mwite mkweo," nikasema.

"Zaina, ukinitangaza nitakufa kwa aibu."

Mwanangu, siri kwangu haijawahi kulala. Nikatoka uani nikapiga kelele. Ilikuwa mara ya kwanza mdomo wangu huu kufanya kazi ya maana, nao ukawa umechelewa.

Bi Riziki aliutupa ungo, mchele ukamwagika mchangani. Akaingia, akamfunua mtoto, hakuuliza neno. Akamfunga kifuani kwa kanga. Wakati ule bodaboda hazijaingia. Jirani alitoa baiskeli, akawapakia bibi na mjukuu wake, sisi tukafuata kwa miguu, dada hana hata viatu. Tulipofika zahanati nesi alikuwa anamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Mbwana alimeza kidogo. Kisha hakumeza tena. Mshipa wa kumtilia dripu ulitafutwa, haukuonekana. Alifariki kabla ya magharibi, mikononi mwa bibi yake.

Baada ya mazishi, dada alimwangukia mkwewe miguuni. "Mama, niliogopa utanisema."

Bi Riziki alimshika mabega, akamwinua.

"Ningekusema, mkamwanangu. Sikufichi. Ningekusema mpaka ukatamani kurudi kwenu. Halafu ningembeba mtoto nikampeleka. Wewe ungelia, mimi ningekuja kukuomba radhi, na Mbwana angekuwa hapa." Akainua uso, akatutazama wanawake wote tuliojaa ukumbini. "Na hilo neno la kubemenda tumemfundisha sisi. Nisilisikie tena nyumbani kwangu."

Dada alizaa wengine baadaye, alhamdulillahi, lakini jina lile hakumpa yeyote.

Basi wewe unayelea, nisikilize, ingawa nasaha hizi zinatoka kwa mtu asiyevuka uzio wake ila kwa harusi na matanga. Choo cha mtoto kitazame, kisha kiseme. Anayenyonya tu, akishapita arobaini, anaweza kupata choo kila anyonyapo, au akakaa siku kadhaa asipate. Kikija laini, cha manjano, na mwenyewe anacheka, usimhangaikie na dawa za mchango. Lakini kikiwa maji matupu, au kina damu, mkojo umepungua, macho yanazama, hapo hakuna kungoja. Hata mimi mvivu wa safari ningekutangulia zahanati. Njiani mpe ziwa. Maziwa yako hayaharibiki kwa kuwa mumeo amelala nyumbani kwake. Na ile dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji safi, mpe kijiko baada ya kijiko, akitapika subiri kidogo umpe tena.

Nanyi wakwe na mawifi, na mimi nikiwemo, tuchunge tunayoyasema tukipepeta mchele. Kuna msichana yuko chumbani anasikiliza, na mtoto wake anaumwa.

Mungu akukuzie, mwanangu. Akupe kumwona anaota ndevu, anakununia, anakukatalia kutumwa dukani, nawe umgombeze kwa sauti mpaka majirani waseme kelele zimezidi.