Herufi L Iliyopotea Flagey

Nakiri: kwenye harusi ya binti yake, nilimcheka dada. Alishika kipaza sauti akatangaza, "Chakura kiko tayari," nami nikacheka mpaka wakwe wakageuka. Miaka mitatu nimeshikilia kwamba nilipaliwa na soda. Miaka hiyohiyo dada, aliyenilea Musoma baada ya mama kufariki, hapokei simu zangu. Kwa hiyo ulipokuja mwaliko wa kwenda Brussels kusoma insha yangu kuhusu Kiswahili fasaha, sikujiuliza mara mbili. Aliyenuniwa nyumbani hufunga mizigo upesi.

Asubuhi ya kwanza, mtaa wa Koekelberg, Brussels. Ukungu ulikuwa umeificha basilika, kanisa kubwa la mtaa, likabaki kuba la kijani likielea peke yake. Mwenyeji wangu, Maman Odette wa Bukavu, anayehudumia wazee, alinimiminia kahawa.

"Ulilala muzuri?"

"Nimerara vizuri sana."

Alitabasamu, akaendelea kumimina.

Adhuhuri tulipanda tramu hadi Flagey, kwenye mkahawa wa Wareno karibu na mabwawa. Jirani yake Odette, Dona Graça, mwalimu mstaafu wa Kireno, alikuwa akitusubiri. Nilimweleza hoja ya insha yangu: wanaochanganya L na R wanaiharibu lugha. Alinisikiliza kwa upole, kisha akaandika kwenye karatasi ya kufutia mikono: *igreja*, *praia*, *branco*. Kanisa, ufuko, nyeupe. Akazungumza Kifaransa, Odette akatafsiri.

"Bon, anasema yote ilikuwaka na L, zamani sana. L na R ni majirani mu kinywa, ulimi inateleza kidogo tu. Mutoto anasikia R, anasema R, kisha naye anazaa batoto."

"Na waliowacheka?"

Odette akamtafsiria swali langu. Dona Graça akapandisha mabega.

"Balikufa. Kosa ikaingia mu dictionnaire."

Nilitazama bata wakiteleza majini bila sauti. Chuoni nilifundishwa kwamba *igreja* ndilo neno tulilolipokea tukalifanya gereza. Hakuna aliyeniambia kwamba lilifika kwetu likiwa limeshapoteza L yake. Nikaziona L hizo zikiyeyuka vinywani mwa watu wenye usingizi, kizazi baada ya kizazi, taratibu kama ukungu wa asubuhi.

"Lakini mtu aliyesoma..." nilianza.

"Maman, weye!" Odette akacheka. "Asubuhi uliniambia umerara. Jana ukasema chakura yangu ni tamu."

Nilikana. Kisha nikajisikiliza nikikana.

R ile sikuipata chuoni. Niliipata kwa aliyenifundisha kusema. Jioni nilisoma insha nyingine, ya mapishi.

Siku ya kurudi, uwanja wa ndege. Niliazima simu ya Odette, namba ambayo dada haijui. Alipokea.

"Dada, siku ile nilicheka."

Simuni nilisikia ufagio. Upande wa pili mtu alikuwa akifagia uwanja.

"Najua. Nilikuwa nakuangalia."

"Nisamehe."

Ufagio ukasimama. Kumbe alikuwa nao yeye mwenyewe.

"Ukitua Dar usikae huko," alisema. "Panda ndege ya Mwanza. Shemeji yako atakuja kukupokea."