Kinyungu Kilichoahidiwa Watu Wote

Wiki iliyopita mgombea mmoja alipita hapa kwangu Kihesa. Anautaka udiwani, na wapambe wake hawafichi kwamba akishaupata atautaka na umeya, maana kiti kiko wazi na nusu ya mji inakimezea mate. Alipiga goti kabisa kwenye vumbi, kitambi kikimtangulia, akaniamkia, "Shikamoo bibi," kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Nikaitikia marahaba, kwa kuwa nimelelewa. Alipotoka getini nikatema mate. Unisamehe, rafiki yangu. Shikamoo ya namna ile niliwahi kuisikia nikiwa mtoto.

Miaka ya hamsini Kihesa ilikuwa nusu mji, nusu shamba. Asubuhi za Juni baridi iling'ata vidole mpaka ukashindwa kufunga kitenge, na moshi wa kuni ulitambaa juu ya mapaa ya nyasi kana kwamba nao unaona uvivu kuamka. Chini bondeni kulikuwa na vinyungu, yaani zile bustani ambazo Wahehe tunalima kiangazi, wakati huku juu udongo umekauka na kuwa mgumu. Unachimba mifereji, unainua matuta, na unyevu wa bondeni unamaliza kazi iliyobaki.

Cha Bibi, mama yake baba, aliyenilea, kilikuwa pembeni kabisa ya kijito, udongo mweusi unaonata miguuni. Mimi nilichuma majani ya maboga, nikafukuza ndege, nikambebea Bibi kapu. Mahindi yake yalikomaa wakati maghala ya wenzake yamebaki vumbi, na Bibi hakujua choyo. Jirani akipita njiani anapewa mawili ya kuchoma, akikataa anafuatwa nayo mpaka kwake. Kwetu sisi wenyewe kinyungu kile kilikuwa ndicho chakula cha kiangazi chote. Bibi alikuwa mjane, baba yangu alikuwa machimboni Makongolosi na habari zake zilikuja mara chache, na baba mdogo, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa kijana anayebangaiza vibarua mjini. Kikiondoka kinyungu, tunalala njaa. Hata mimi mtoto nililijua hilo.

Basi jumbe wetu akafariki. Jumbe ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kugawa vinyungu, na safari hii Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, alisema hatamteua mtu. Watu watachagua wenyewe kwa kupanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Wanaume waliolipa kodi tu, lakini. Wanawake, tuliokuwa tukishinda bondeni miguu ndani ya matope, hatukuwa na mstari.

Wakajitokeza wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mtu mkavu, asiyejua kuchekesha. Mwingine alikuwa mwenye hoteli ya chai sokoni. Huyo alikuwa amepita kwetu miaka yote bila kugeuza shingo. Mara moja akawa ndiye mpole wa Kihesa nzima. Aliwaamkia wazee, akawaamkia vijana, akaniamkia hata mimi ambaye meno ya utoto yalikuwa bado yanang'oka. Nikacheka. Bibi akanivuta mkono na kuniambia kwa Kihehe kwamba mtu mzima akikuamkia wewe mtoto, kuna kitu chako anakitaka.

Jioni alizunguka nyumba kwa nyumba. Hakuhutubia. Alimvuta mwenye nyumba pembeni, akamshika bega, akamnong'oneza, na mwenye nyumba akarudi ndani uso unang'aa. Kwetu hakuja. Mwalimu yeye alizungumza mara moja tu, baada ya ibada, akasema akichaguliwa kila mtu atabaki kwenye kinyungu chake na mfereji mkubwa utasafishwa kwa ushirika. Watu walitoka wakinung'unika kwamba huyu hana lolote la kuwapa.

Siku ya kuchagua tulikwenda uwanja wa shule. Bibi alikuwa ameamka mapema kuchemsha mahindi mabichi, kapu zima, kwa sababu alijua wanaume watasimama juani muda mrefu na ndivyo alivyozoea. Mstari wa mwenye hoteli ulikuwa umeshazunguka goli. Wa mwalimu ulikuwa mfupi, ungeweza kuukalisha kwenye benchi moja la darasani.

Nilikuwa nimemshikia Bibi upande mmoja wa kapu tulipomfikia fundi viatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa amegeuka anamsimulia aliye nyuma yake jinsi atakavyopanda vitunguu mwaka huu. Bondeni, pale pembeni ya kijito. Ameshaahidiwa.

"Pale pa mama mjane?" aliuliza wa nyuma. "Pale nimeahidiwa mimi."

Wa tatu akasema hapana, ni yeye. Maneno yakapanda mstari na kushuka, watu wakaulizana, na kila aliyeulizwa alikuwa amenong'onezwa kinyungu kile kile. Niliwatazama nikingoja wacheke, au wakasirike, wamgeukie mwenye hoteli na kumtia adabu. Nilikuwa mtoto. Hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye mstari. Walisogeleana tu, kila mmoja akijipa moyo kwamba wengine ndio waliodanganywa. Halafu wakatuona.

Ningekuwa mimi ningemwaga kapu lile kwenye vumbi. Bibi alimpa fundi viatu hindi, akampa na wa nyuma yake, akaendelea, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka mtu.

"Kuleni," alisema. "Mkijue ladha yake."

Na walikula! Hilo ndilo linaloninyima usingizi mpaka uzee huu. Watu waliopewa uji wa Bibi walipougua, watu aliowakandia mama zao mgongo wakati wa uzazi, walisimama pale wakitafuna mahindi ya kinyungu walichokuja kumnyang'anya, na punje zimewaganda midomoni. Karibu na mwisho wa mstari tulimkuta baba mdogo. Bibi alimtazama kidogo, akampa na yeye.

Mwenye hoteli alishinda. Kesho yake alitupita njiani bila salamu, na mwezi haukuisha kabla hajatuma vibarua wake mwenyewe kulima pembeni ya kijito. Fundi viatu na wenzake walikuja kwetu kutoa pole. Walikaa kwenye mikeka, wakatikisa vichwa, wakasema dunia imeharibika. Bibi aliwasikiliza. Mimi nilikwenda nje ili nisiwaone.

Kiangazi kile tulikula mboga za mwituni, na ugali mara moja kwa siku. Jioni moja tukiwa mekoni, Bibi alimwuliza mwanawe yeye aliahidiwa nini.

"Kinyungu chako, mama," alisema. "Alininong'oneza kule hotelini kwake. Niliona wote wanakwenda. Nikaogopa kisije kikachukuliwa na mtu mwingine."

Bibi alikoroga mboga. "Ningekuachia wewe," alisema. "Nilikuwa namlimia nani?"

Baba mdogo alilia usiku ule, lakini mimi sikumwonea huruma, na sasa yeye na Bibi wote hawapo. Bonde lenyewe limejengwa nyumba. Kijito kimekuwa mfereji wa maji machafu, na watoto wa hapa ukiwatajia kinyungu wanakuuliza ni nini. Watu husema kilichopotea ni mashamba. Mimi husema hapana. Kabla ya siku ile nilikuwa na kijiji kizima cha baba na wajomba, na nililala mlango ukiwa umeegeshwa tu. Baada ya siku ile Bibi alimwita seremala, akaweka komeo.