Mafunjo ya Kioko Mvivu

Enzi zetu kule milima ya Kilungu, kibuyu cha maji kilizibwa kwa mafunjo. Wewe uliyekulia huko utakumbuka: unachota maji, unakunja mabua matatu, unayasokota na kuyasukuma kwenye mdomo wa kibuyu, kisha unakipandisha mgongoni, mkanda wa ngozi kwenye paji la uso, na safari ya kupanda mlima inaanza. Tone halimwagiki. Ukifika nyumbani maji yana harufu ya majani mabichi, na ukiyanywa baada ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, unahisi umekula mara mbili. Wajukuu wangu wakisikia hivyo huniuliza kama kweli hatukuwa na vifuniko. Nawaambia tulikuwa navyo, vilikuwa vinaota kisimani.

Nieleze kwanza mmea wenyewe, maana wengi huuona nyasi tu na kuupita. Sisemi yale mafunjo marefu ya ziwani. Haya yetu yalimfika mtoto kiunoni, yakiwa na kichwa cha kahawia kama brashi iliyochakaa. Chukua bua, ulibingirishe kati ya vidole. Ukihisi pembe tatu, hilo ni funjo; likizunguka bila pembe, umeshika nyasi. Hupenda kusimama miguu majini na kichwa juani, na siku hizo karibu kila bonde lilikuwa nayo. Tuliyafanya mataji, tuliyafanya miwani, na tulipochelewa kurudi nyumbani mama zetu waliyafanya viboko.

Nikiwa darasa la tano, kanisa letu lilitarajia wageni kutoka Mbooni kwa Jumapili ya mavuno. Mama akatuita watoto saba wa mtaa wetu, akasema twende tukasafishe kisima, wageni wasije wakatusema. Sasa, kwetu mtoto alifundishwa kusafisha kwa jembe. Mama alikuwa akisema magugu hayaoti kwenye udongo, yanaota kwenye uvivu. Tukashuka na majembe, tukang'oa kila funjo lililozunguka maji, na hatukuacha hata mzizi. Kufikia saa sita ukingo ulikuwa mwekundu na mtupu, na mimi nikaufagia kabisa kama ua wa nyumba.

Ni Kioko peke yake ambaye hakushika jembe. Kioko, mtoto wa jirani, alikaa juu ya jiwe akila mapera na kutuambia jua ni kali. Tulimwita mvivu mpaka tukachoka. Wageni walipokuja walikisifu kisima chetu, na baada ya ibada mimi nikapewa chapati mbili nzima. Kioko hakupewa hata kipande.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku mmoja tu. Asubuhi tulipofika kisimani hatukukuta kisima. Ukingo wote ulikuwa umeporomoka, na mahali pa maji palikuwa na tope zito kama uji wa wimbi. Watu wazima walilizoa kwa makarai, lakini mvua ya pili ililirudisha. Kuanzia hapo tukawa tunaamka jogoo wa kwanza kwenda mtoni, mbali kule chini, na kufika shuleni wimbo wa taifa umeshaimbwa. Viboko tulivyopata vya kuchelewa sikuvihesabu.

Lakini viboko havikuniumiza kama maneno niliyoyasikia jikoni. Watu wa mlima wa pili walikuwa wamepoteza kisima chao miaka ya nyuma. Wakahamia Kibwezi, familia moja baada ya nyingine, na hawakurudi. Baba alikuwa ameanza kumuuliza mama mashamba ya huko yanauzwaje. Nami ndiye niliyefagia ule ukingo.

Nikaenda kwa susu, nyanya yangu mzaa baba, nikalia mbele yake. Aliniacha nilie hadi nikamaliza, kisha akaniambia, "Shamba hulimwa, mwanangu. Kisima hakilimwi." Akanieleza taratibu kwamba ile mizizi ndiyo vidole vilivyoshika udongo, na ndiyo chujio lililosafisha maji. Tulichokiona uchafu ndicho kilichokuwa usafi wenyewe.

Mafunjo mengi ya karibu yalikuwa kwa Mzee Mutua, ambaye watoto tulimwogopa kuliko mbwa wake. Susu akatutuma wote saba, Kioko naye, tukaombe ya kupanda. Mzee alitutazama akiwa langoni.

"Nyinyi ndio mlionyoa kisima?"

Tukaangalia vidole vya miguu.

"Na sasa mmekuja kuninyoa mimi?"

"Mzee," Kioko akasema kwa upole, "wewe mbona huna nywele."

Nilidhani tutakufa. Mzee Mutua alishika upara wake, kisha akashika nguzo ya lango, akacheka hadi machozi. Akatupa kila mmoja shina moja na tope lake, kwa sharti kwamba kila shina liitwe jina la aliyelipanda, ili likifa kijiji kijue limekufa la nani.

Basi nikalihangaikia langu. Nililitilia samadi ya mbuzi, nililipalilia, nilililaza na kulisimamisha upya, na kwa kuwa nilipenda kazi, nililimwagilia maji, ingawa lilikuwa limesimama majini. Wenzangu walifanya vivyo hivyo. Kioko alipanda lake, akaosha miguu, akaenda zake.

Wiki ya tatu langu liligeuka manjano, likaoza. Ya wenzangu yakafuata moja moja. La Kioko likachipua. Mwaka ulipogeuka lilikuwa limezunguka kisima chote, udongo umeshikwa, maji yamerudi meupe, na baba hakutaja tena Kibwezi. Susu alicheka sana. Alisema shina la Kioko ndilo pekee lililopewa nafasi ya kupumua. Kuanzia hapo sheria ikawa moja: jembe lisikaribie, na bua likatwe kwa kisu juu ya maji, kichwa kikishakauka na kumwaga mbegu.

Siku hizi mabonde yetu mengi yamekaushwa, yakapandwa nduma na kabichi, na mikaratusi imekunywa kilichobaki. Majuzi vijana wa chuo kikuu walikuja na simu zao kubwa wakitafuta mafunjo haya. Walipita mabonde matatu bila kuona hata bua, ndipo wakafika kisimani kwetu. Binti mmoja aliniuliza ni mradi gani ulioyahifadhi. Nikampigia Kioko, ambaye sasa ana upara kama wa Mzee Mutua, nikamwambia mafunjo yake yanatafutwa.

"Waambie wasiyaguse," akasema. "Mimi sijayagusa tangu darasa la tano."

Enzi zetu kisima kilikuwa cha kila siku. Leo kuna mfereji wa maji ya bomba, na watoto hushuka huku siku ambazo mfereji umekauka tu, wakilalamika njiani kwamba hakuna mtandao. Wiki iliyopita mjukuu wangu alichota maji, kisha akagundua kifuniko cha mtungi wake wa plastiki kimepotea. Akanitazama kama mtu aliyeishiwa na dunia. Nilichukua kisu, nikakata mabua matatu ya Kioko yaliyokauka vichwa, nikayasokota na kuziba. Akapanda mlima mbele yangu akigeuka kila mara kuangalia, na njia nzima ikabaki kavu nyuma yake.