Sarafu ya Mamu Kwenye Kabati la Vioo

Mama yangu aliisugua kwa ndimu na majivu asubuhi ileile niliyotakiwa kuipeleka mjini. Aliponiwekea kiganjani ilikuwa ya waridi kama ufizi wa mtoto mchanga.

"Mamu, umeifanya nini?"

"Niliipangusa. Unataka bazungu baone buchafu yetu?"

Ilikuwa sarafu ya shaba ya santimu kumi, yenye tundu katikati na nyota kuzunguka tundu, ya zamani za yule mfalme wa Wabelgiji aliyeimiliki nchi yetu nzima kama bustani yake. Babu alitoka nayo Kasai alipokuja kujenga reli. Mama alivalishwa kiunoni alipokuwa mtoto. Sasa Katanga ilikuwa imejitenga, bendera yenye misalaba ya shaba ilipepea mjini, na watu wa mtaani walitupigia kelele turudi Kasai. Majirani wengi walikuwa wamehamia kwenye mahema, wakilindwa na askari wa kofia za buluu. Mama alikataa kuhama. Aliposikia kwamba katika ukumbi wa maonyesho nilikopata kazi panaandaliwa kabati la vioo la kuonyesha shaba ya Katanga, na kwamba familia zinaweza kuleta vitu vyao vionyeshwe, alitaka jambo moja tu: sarafu ya baba yake iwekwe humo, na kadi ya kusema imetoka kwa nani.

"Bale banasema turudie kwetu," alisema, "baende kwanza kule basome."

Kazi yangu ilikuwa kupima hali ya kila sarafu na kuandika kadi yake. Nilikuwa na diploma ya miezi sita na hofu ya miaka mingi. Kila sarafu niliitazama kwa lenzi mara tatu, nikaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, kisha nikairudia ya kwanza kwa sababu ya nne imenitia shaka. Madaraja yalikuwa ya Kifaransa, na yalidanganya kwa adabu: sarafu iliyoitwa beau, nzuri, ilikuwa imelika hadi mwaka hausomeki, très beau, nzuri sana, ilikuwa imechoka kiasi. Na lilikuwepo kosa moja lisilosamehewa katika daraja lolote: nettoyée, imesafishwa. Shaba hujivika ngozi ya kahawia kwa miaka mingi. Ukiisugua umeichuna, na ngozi ile hairudi. Mama angejuaje? Kwetu hakuna anayemwonyesha mgeni shaba iliyofifia.

Msimamizi wangu alikuwa Mbelgiji mzee, mpimaji wa migodi aliyestaafu, aliyekizungumza Kiswahili chetu bila shida. Aliigeuza sarafu mara moja tu.

"Weye mwenyewe unaona. Baliiharibisha. Haiwezi kuingia."

"Nyota iko nzima, monsieur. Maandiko yote inasomeka. Iko très beau."

"Iko nettoyée. Na tena," akashusha sauti, "mama yako, muntu ya Kasai, kwa kabati ya Katanga? Bantu batasema nini? Rudisha nyumbani."

Angeishia kwenye kusafishwa, ningeinama na kuondoka. Lakini ile sababu ya pili ilinionyesha kwamba ile ya kwanza ni kisingizio.

Daftarini mwangu nilikuwa na jambo nililoogopa kulisema kwa wiki tatu. Sarafu nne zilizokwisha kuingia kabatini zilikuwa na mikwaruzo myembamba, yote ya upande mmoja, na ukoko mweupe wa dawa ya kung'arishia umeganda ndani ya herufi. Niliogopa kwamba nimekosea, kwa hiyo nilizitazama tena na tena hadi shaka ikaniisha. Watu hudhani mwenye wasiwasi ni rahisi kusukumwa. Mimi nilikuwa nimebishana na nafsi yangu mara ishirini; yeye alikuwa wa ishirini na moja tu.

"Bon," nilisema, nikifungua daftari, "kama nettoyée haiingie, tutoshe zote inje. Iko nne ndani. Hii, hii, na hii. Na ile kubwa ya katikati."

"Ile iko yangu!"

"Njo ile, monsieur, ile yenyewe."

Nikamsogezea lenzi. Aliinama muda mrefu, masikio yakaanza kuwa mekundu.

"Njo muke yangu aliipangusa," alinong'ona. "Na dawa yake ya vijiko."

"Basi uchague, monsieur. Tano inaingia, ao tano inatoka."

"Siku moja batakufukuza, mutoto."

"Labda. Leo niandike nini?"

Alitazama dirishani. "Andika."

Niliandika kadi tano, na neno nettoyée kwenye zote tano. Aliniomba kwenye yake niliandike kwa herufi ndogo. Niliandika kwa herufi zilezile. Kwenye yetu niliweka jina kamili la mama, na chini yake: Kasai, Katanga.

Siku ya kufungua, mama alikuja na kitenge kilichopigwa pasi mara mbili. Nilimsomea kadi. Wageni walikuwa wamesimama karibu.

"Nettoyée njo nini?"

Nilifikiria uongo wa upole wa namna tatu nne, nikauacha.

"Njo kusema muntu aliipangusa, mamu. Banasema iko mubaya."

Alizitazama sarafu za kahawia zilizoizunguka ya kwake, moja baada ya nyingine, kisha akapaza sauti hadi ukumbi mzima ukageuka.

"Njo miye niliipangusa! Na hizi zingine, benyewe yazo balikosa ndimu?"