Msimamizi Aliyefungia Stuli

Katika duka kubwa la nguo za kike, msimamizi waliyempachika jina la Mlingoti alikuwa hakai. Akiingia asubuhi anasimama karibu na mlango, mikono nyuma, mpaka duka linafungwa. Na kwa kuwa yeye hakai, aliona hakuna wa kukaa. Stuli za wauzaji akazifungia stoo. "Muuzaji akikaa, na biashara inakaa," alisema, akajiona kanena. Binadamu ndivyo tulivyo: tukivumilia jambo gumu, tunataka na jirani alivumilie, tena ashukuru.

Vilibaki viti viwili tu, mbele ya vyumba vya kujaribia nguo, navyo vya waume. Maana mwanamume anayesubiri mkewe achague gauni, akikosa pa kukaa, hukumbuka ghafla kwamba nyumbani kuna kazi.

Lakini mguu haujui cheo. Mguu wa kushoto wa Mlingoti ulianza kutoa mishipa, kwanza kama uzi, halafu kama kamba, mwisho ikajisokota nyuma ya goti mithili ya mizizi. Jioni unavimba, unawasha, na juu ya kifundo ngozi ikawa nyeusi.

"Baba watoto, huo mguu una neno," mkewe alimwambia.

"Ni uchovu tu."

"Uchovu gani una mafundo?" Akamkokota kwa daktari.

Daktari, binti wa umri wa mwanawe, akaupima mguu kwa mashine ya picha. "Mzee wangu, milango ndani ya mshipa huu imelegea. Damu ikipanda inarudi chini. Nitaudunga dawa ujifunge. Damu itapita mishipa mizima, kama magari barabara mbovu ikifungwa."

Sindano ziliuma kama siafu, si zaidi. Kilichomchoma hasa ni maneno.

"Vaa soksi hii ya kubana. Tembea. Ukichoka, kaa uinue mguu. Ila kusimama tuli kama nguzo, hapana! Ngozi hii ikichimbika, kidonda chake kitakusumbua. Kwani unafanya kazi gani?"

Mlingoti akajifanya anavuta soksi. Angeanzaje kusema kwamba kazi yake ndiyo hiyo ya nguzo?

Kesho yake akajaribu kutembea dukani. Akazunguka rafu za sketi, akazunguka za blauzi, akarudi kwenye sketi.

"Anatupeleleza nini leo?" wauzaji walinong'onezana.

"Labda kadondosha meno."

Kufika adhuhuri mguu unapwita ndani ya soksi. Akae mbele ya wale aliowanyima viti, ni fedheha. Asimame, ni kidonda. Akatupa jicho huku, akatupa kule, akajichomeka kwenye kiti cha waume, mguu akaunyoosha juu ya kile cha pili. Lo! Utamu wake hausemeki. Akafumba macho.

Pazia likafunuka kidogo, ukatoka mkono wa mteja. "Hebu nishikie pochi, baba nanihii."

Akaipokea. Angefanyaje?

Hapo akatokea muuzaji mkongwe kuliko wote, wakimwita Dada Mkubwa, gauni mkononi. Akamtazama bosi, akaitazama pochi.

"Bosi, wifi yetu bado anajaribu?"

Duka zima likaangua kicheko. Mlingoti akataka kuinuka, mguu ukagoma. Basi akavuta suruali, soksi ikaonekana. "Nimedungwa sindano za mishipa. Daktari kanikataza kusimama."

Kicheko kikakatika. Dada Mkubwa hakumpa pole. Aliinua sketi kidogo tu, na shavu la mguu wake lilikuwa mafundo matupu, mabaya kuliko ya bosi.

"Mimi nilidhani ni ya uzazi," alisema. "Wewe ukiniona naegemea rafu, ulidhani ni uvivu."

Mlingoti aliutazama mguu ule. Akatoa ufunguo wa stoo. "Toeni stuli." Kisha akakohoa, cheo kikamrudia. "Ila ieleweke, huu ni utaratibu mpya nilioubuni mwenyewe."

"Tumeelewa, bosi. Na daktari wako yuko wapi?"

Akamwelekeza vizuri, mpaka rangi ya geti. "Lakini uende siku yako ya mapumziko."

"Naenda sasa hivi." Akambwagia gauni mapajani. "Huyo humo ndani ni mteja wangu. Mhudumie."

Akatoka. Na Mlingoti, pochi kwapani, mguu juu, akaliinamia pazia na kuuliza kwa sauti ya upole ambayo duka halikuwahi kuisikia:

"Mama, hilo la kwanza limekubana wapi?"