Mgonjwa Mkaidi wa Kundi Letu

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nilipokuta vidonge vya presha vya mama vimefungwa kwenye leso chini ya mto, vya wiki nzima, nilifoka mpaka jirani akapunguza redio. Nilikuwa nimemtoa kijijini Bugwema nikamleta kwangu mjini, Kamunyonge, nimuuguze, mimi muuguzi mzima, na presha ikazidi kupanda. Niliogopa kiharusi. Bibi alikufa hivyo hivyo. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nitameza, mwanangu," na kesho yake hakumeza.

Wakati huo nilikuwa najiendeleza, natoka cheti naenda diploma, masomo ya onlaini huku naingia zamu. Mwalimu alituchanganya makusudi: wauguzi, watu wa dawa, watu wa ustawi wa jamii. Kila kundi lilete mgonjwa mmoja, bila jina, tumjadili kwenye simu. Nilinung'unika. Watu wa ustawi wa jamii nilikuwaga nawaona kazi yao kusuluhisha ndoa. Presha wanaijulia wapi?

Nikampeleka mama, bila kusema ni mama. Niliandika: mjane, anaishi kwa binti yake mjini, ameelekezwa mara nyingi, mkaidi.

Jumamosi asubuhi tukakutana, mimi niko sebuleni na simu yangu. Kaka wa Butiama, mtu wa dawa, akashauri daktari aangalie dozi upya. Mimi nikafoka: asimamiwe, ameze mbele ya macho. Ndipo dada mmoja wa Bunda, wa ustawi wa jamii, kuku wakipiga kelele nyuma yake, akauliza kama kati ya vidonge hivyo kuna cha kukojosha.

"Kipo," nikasema.

"Na huyo binti ana mume?"

"Anaye. Inahusiana nini?"

"Mama akitoka chumbani kwenda chooni, anapita wapi?"

Niliinua macho. Mlango wa mama ulikuwa kushoto, choo kulia, na katikati mume wangu ameketi kwenye kiti chake anakunywa chai. Nikazima maiki. Aibu ilinishika masikio yakawaka. Mama hajawahi hata kumpa mkwewe mkono. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Na mimi nilikuwa namtaka apite mbele yake mara tano kwa asubuhi moja, kwenda kujisaidia. Mkaidi alikuwa nani hapo?

Nikafungua maiki nikawaambia mgonjwa ni mama yangu.

"Tulishajua, dada," akasema yule wa Bunda. "Mgonjwa wa watu hafokewi hivyo."

Niliingia kwa mama nikamuuliza taratibu. Alijifunika uso kwa kanga, akacheka kidogo, akakiri hata maji ya kunywa alikuwa ameacha. Nikamwomba msamaha. Mume wangu nilipomweleza hakubishana. Jumatatu alileta fundi, wakachimba choo nyuma ya jiko, na mlango wa uani wa chumba cha mama, ambao tulikuwa tumeuziba kwa kabati, ukafunguliwa.

Mama akaanza kumeza. Wiki ya tatu nilipima presha, sikuamini, nikapima tena. Imeshuka. Nilikaa kitandani kwake nikalia kwa raha, naye ananipigapiga mgongo kama mtoto.

Siku hiyo mume wangu aliingia choo cha ndani akakaa huko muda mrefu. Alipotoka nikamtania, kulikoni leo?

"Tangu mama aje nimekuwa naendaga kujisaidia kwa kaka," akasema. "Ningeingiaje choo kimoja na mkwe wangu?"

Miezi minne! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nikuambie wewe? Mama mwenyewe aliogopa."

Nikafungua mdomo nifoke. Nikaufunga, nikaenda kumwekea chai.