Pale Penye Udongo

Wakimbizi walipovuka mpaka kutoka Rwanda, mimi nilikuwa mama kijana, na masomo yangu yalikuwa yameishia darasa la nne kule Masisi. Sisi wenyewe vita vilikuwa vimetushusha Goma mwaka uliotangulia, tukajenga nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano. Padri aliposema kila nyumba ipokee wageni, mume wangu aliniuliza, "Tutawalaza wapi, juu ya mabati?" Nikamwambia, "Na sisi tulilazwa wapi?" Akaanza kusogeza kitanda.

Tukapata mama mmoja na binti yake mdogo, wa kuanza kung'oka meno. Wengine walikuja wamebeba sufuria na magodoro. Yeye alikuja na jembe. Majirani walimcheka: "Mama, utalima mawe?" Hakujua Kiswahili, akacheka nao.

Nilimfundisha niliyofundishwa mimi. Kutembea juu ya mawe bila kukatika nyayo. Kushuka Kituku, ufukweni mwa ziwa, asubuhi kuchukua samaki wadogo, sambaza, kuwakaanga na kuwauza kwenye kona. Kunyamaza akiulizwa sokoni anatoka kilima gani cha Rwanda. Mtoto alishika lugha haraka kuliko mama yake. Aliniita mama mukubwa, na mama yake akimsemesha kwa lugha ya kwao, yeye anajibu kwa Kiswahili na kukimbia. Nyumba yetu ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na kicheko.

Ndipo shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, akatangaza wageni watoke majumbani mwa watu, kila mmoja aonyeshwe fasi yake ya kufunga hema. Nyuma ya avenyu palikuwa na uwanja tambarare wa kutosha mahema mengi. Huo alimwekea shemeji yake aegeshe malori. Mama yule niliyempokea, shefu akamwonyesha bonde.

Bonde lile lilikuwa shimo pana katikati ya mawe, na ndani yake udongo. Udongo mweusi, laini, na majani mabichi. Lakini sisi tuliokaa pale tulijua kwa nini hakuna aliyejenga. Ni fasi ya mazuku. Mazuku ni pumzi mbaya inayotoka chini ya mawe. Haina rangi, na pale haikuwa na harufu. Asubuhi, kama hakuna upepo, inatulia bondeni kama maji kwenye beseni, na anayezama kwanza ni mfupi. Bibi jirani alitufundisha hivyo wiki ile tuliyofika.

Nilimwambia shefu mbele ya watu, "Papa shefu, pale ni mazuku."

"Weye umefika juzi kutoka Masisi, unanifundisha nchi ya baba yangu?"

"Sasa mbuzi zako, mbona hazishuki kula majani yale?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akawasha nyasi kavu, akashuka nazo bondeni saa sita mchana, upepo unavuma, na moto ukawaka vizuri. "Haya, mazuku iko wapi? Bibi zenu wanawadanganya!" Alijua. Mtu aliyezaliwa pale anajua kwamba moto wa mchana hausemi kitu.

Kesho yake alfajiri nilimchukua mgeni wangu, nikafunga nyasi kwenye ncha ya ufito mrefu, nikazishusha bondeni zikiwaka. Moto ukazimika kama umefunikwa na mkono. Akaogopa, lakini macho yake hayakutoka kwenye udongo.

"Dada," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokota, "kwetu bonde ndiyo mali. Mimi hapa naona mawe, mawe, mawe. Nitakula mawe?"

Tukapatana hivi: hema lake alifunge juu, ubavuni mwa nyumba yetu, shefu apende asipende. Bondeni ashuke jua likiwa kali na upepo umeamka. Akashika neno. Akapanda maharage, yakaota, nasi sote tukala majani yake na bugali. Nilimwona ananenepa kidogo.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha usiku, na hewa imetulia. Mimi nilikuwa Kituku. Magugu yalikuwa yamepanda juu ya maharage, na kwao mwanamke hangojei jua ndipo alime. Jua likitoka likukute umeshafika nusu ya shamba. Mwili wake ulikumbuka kwao, ukasahau hapa. Akashuka na jembe. Akatandika kitenge ukingoni mwa shamba, akamkalisha mtoto juu yake, kama alivyokalishwa yeye na mama yake.

Niliporudi na beseni la samaki, watu walikuwa wamejaa mlangoni kwetu. Walikuwa wamewatoa wote wawili kwa kamba. Mama alikuwa anatapika. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye kitanda changu.

"Miguu ilikuwa inaregea," mama alisema. "Nilisema ni njaa. Nilimuona amelala, nikasema wacha apumzike, nimalize mstari."

Shefu akaja na koti lake. "Pole, mama. Ni mapenzi ya Mungu."

"Mungu hakumuonyesha bonde," nilisema. "Ni weye. Weye na shemeji yako, kwa ajili ya malori."

Mume wangu akanivuta nguo. Shefu akasema, "Mama, heshimu musiba." Basi waliosikia wakaangalia chini, kwa sababu kesho wangehitaji muhuri wake kwenye karatasi zao. Na wao ninawataja pamoja naye.

Juma halijaisha, akaleta familia nyingine, baba na mama na watoto, akawaonyesha bonde lilelile, na maharage yamekwishaota. Walifurahi! Mgeni wangu akatoka hemani. Tangu tumzike mtoto alikuwa hajakaribia bonde. Akasimama ukingoni, akawasemesha kwa lugha yao, taratibu, muda mrefu. Mimi sikuelewa. Niliona tu yule baba anaacha kufungua mizigo, na mke wake anawainua watoto kutoka chini, mmoja mmoja, akiwapandisha kwenye mawe.

Shefu akauliza, "Anawaambia nini?"

Yule baba akafunga tena mzigo. Walijitwika mizigo wakaenda kutafuta fasi nyingine, na mgeni wangu akaenda nao. Jembe alikuwa ameliacha bondeni. Hakushuka kulichukua.